Spiriti ya Seremala na Mkono wa Mtoza Ushuru

Mwaka 1688, mjini Oxford, John Stalker na George Parker walichapisha kitabu cha kuwafundisha Waingereza namna ya kupaka fanicha vanishi, ili waweze kuiga vyombo vya kung'aa vilivyokuwa vikiletwa kutoka Uchina na Japani. Kabla ya kumwambia msomaji ashike brashi, walimtaka aipime spiriti yake. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kutisha kidogo: tia baruti kidogo kwenye kijiko, mimina spiriti ya mvinyo juu yake, kisha washa. Moto ukila spiriti yote na mwishowe ukaishika baruti, spiriti hiyo inafaa. Ukizimika na kuiacha baruti imelowa, ina maji, na ungeirudisha kwa aliyekuuzia.

Spiriti iliyofaulu ilitiwa kwenye chupa ya mdomo mpana, galoni moja, pamoja na ratili moja na nusu ya laki ya punje. Mchanganyiko huo uliachwa mchana na usiku, ukitikiswa mara kwa mara, kisha ukachujwa kwa kitambaa cha flaneli. Sehemu hii ya kazi haijabadilika sana tangu siku hizo. Kilichobadilika, tena mara nyingi, ni ile spiriti, na kwa sehemu kubwa waliokuwa wakiibadilisha hawakuwa mafundi wala wakemia. Walikuwa watu wa hazina ya serikali.

Shelaki, yaani laki iliyosafishwa, ina tabia zake. Petroli haiiyeyushi, mafuta ya taa hayaiyeyushi, tapentaini haiiyeyushi, wala mafuta ya kitani. Maji matupu nayo hayaiwezi, ingawa yakitiwa boraksi au amonia huiyeyusha. Inachokikubali kwa urahisi ni alkoholi: ethanoli, ambayo ndiyo kilevi kilicho katika pombe, na ndugu zake methanoli, isopropanoli na butanoli. Hata moto hauhitajiki. Chupa, alkoholi na subira vinatosha. Lakini maji yakizidi ndani ya alkoholi, shelaki huanza kujitenga. Mchanganyiko huingia ukungu, na ukiupaka juu ya mbao hubaki weupeweupe, tena laini, usioshika vizuri. Ndiyo maana Stalker na Parker walisumbukia baruti.

Huko ilikotoka, shelaki haikuwa na haja ya spiriti. Mdudu anayeitoa, Kerria lacca, ni mdogo sana na huishi kwa maelfu juu ya matawi ya miti ya India na nchi jirani: mkusumu, mpalasi na hata mkunazi, huu huu ambao watoto wa pwani yetu huchuma kunazi zake. Hufyonza maji ya mti na kujijengea gamba gumu la utomvu. Wavunaji hukata matawi na kukwangua magamba, kisha huyasaga na kuyaosha. Zamani kilichotafutwa zaidi na wafanyabiashara wengi ilikuwa rangi nyekundu inayotoka kwenye maji ya kuoshea, wala si utomvu wenyewe. Punje zilizobaki zilitiwa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, mfuko ukawekwa mbele ya moto na kusokotwa hadi utomvu ukajikamua nje. Fundi akaunyanyua ungali moto, akauvuta kwa mikono, kwa vidole vya miguu na hata kwa meno, ukawa ngozi nyembamba ambayo ikipoa huvunjwa vipandevipande.

Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyepita Msumbiji mwaka 1583 akielekea Goa, alieleza katika kitabu chake cha 1596 namna mafundi wa India walivyoitumia laki. Waliufunga mti kwenye mashine ya kukerezea, wakauzungusha kwa kasi, kisha wakabana kipande cha laki ya rangi juu yake. Joto la msuguano liliyeyusha laki, ikajipaka yenyewe. Hakukuwa na chupa wala moshi wa spiriti. Njia hiyo inafaa kwa miguu ya kitanda na vyombo vya mviringo, ila ubao bapa wa meza hauzunguki kwenye mashine, na hapo ndipo Ulaya ilipohitaji kitu cha kuibeba shelaki kutoka chupani hadi mezani.

Hapa pwani yetu inaingia kwa mlango mwingine. Mshindani mkubwa wa shelaki katika karne ya 19 alikuwa sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini katika bara linalokabili Unguja na kuuzwa Zanzibar. Baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, sandarusi ilisafirishwa kwa wingi hadi Salem, Massachusetts, ambako Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Ilikuwa ngumu kuliko shelaki na haikuogopa maji, lakini spiriti haikuigusa. Ilibidi ipikwe kwenye masufuria ya shaba kwa joto la nyuzi 300 na zaidi mpaka ikubali mafuta ya kitani ya moto, kisha ipunguzwe kwa tapentaini. Kazi hiyo ilifanyika viwandani, na iliunguza viwanda vingi. Nadhani hii ndiyo sababu shelaki iliendelea kupendwa na fundi mdogo: kwake hapakuwa na jiko, palikuwa na chupa tu. Lakini chupa hiyo ilimfunga kwa muuza spiriti, na muuza spiriti alifungwa kwa mtoza ushuru.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mtindo uliotoka Paris ulienea London: fundi hafanyi kazi kwa brashi, bali kwa fumba la pamba lililofungwa ndani ya kitambaa cha kitani, limeloweshwa shelaki nyepesi, na tone la mafuta juu yake ili lisinate. Hupita juu ya mahogani kwa miduara midogo, tabaka juu ya tabaka, siku baada ya siku, mpaka vinyweleo vya mbao vizibe na uso uakisi dirisha. Kila tabaka ni jembamba mno. Kwa hiyo kilichoishia hewani, yaani spiriti, kilikuwa kingi kuliko kilichobaki juu ya mbao. Karakana yenye mafundi kadhaa ilikausha galoni nyingi kwa mwaka, na kila galoni ilitozwa ushuru ule ule wa mtu anayekunywa jini.

Serikali ya Uingereza ilikuwa na bidii katika kupima kilevi. Mwaka 1816 Bunge lilipitisha sheria ya kutumia haidromita iliyobuniwa na Bartholomew Sikes, aliyekuwa ofisa wa ushuru, mahali pa vipimo vya awali vilivyoleta ugomvi. Kipimo cha kawaida kilikuwa spiriti yenye karibu asilimia 57 ya alkoholi kwa ujazo, na kila kilichozidi hapo kililipiwa kwa kadiri yake. Mpaka fanicha alihitaji asilimia 90 na zaidi. Kwa maneno mengine, sheria ilimtoza zaidi yule ambaye hakunywa hata tone.

Malalamiko ya viwanda, na ya wakemia waliohitaji spiriti maabara, yalifika kwa wakubwa. Kamati ya wakemia watatu ilipewa kazi ya kutafuta kitu cha kutia ndani ya spiriti ili isinyweke na bado itumike: Thomas Graham, yule wa kanuni ya gesi wanayoikariri wanafunzi wa kemia wa sekondari, August Wilhelm Hofmann na Theophilus Redwood. Walichokipendekeza ni spiriti ya mti, inayopatikana kwa kuchoma mbao ndani ya tanuri lililofungwa na kukusanya mvuke wake. Mwaka 1855 ikawa sheria: sehemu tisa za spiriti ya kawaida, sehemu moja ya spiriti ya mti ghafi, na ushuru umefutwa. Hapo ndipo ilipozaliwa methileti.

Ukitazama kwa jicho la kemia, uchaguzi huo ulikuwa wa akili. Spiriti ya mti ina kiini chake, methanoli, ambayo huchemka kwa nyuzi 65 na ethanoli kwa nyuzi 78. Ziko karibu kiasi kwamba mtu mwenye mtambo wa kienyeji hawezi kuzitenganisha kwa urahisi, tena uchafu wa spiriti ghafi ulinuka vibaya. Na kwa shelaki haikuharibu kitu, kwa kuwa methanoli inaiyeyusha shelaki vizuri kuliko hata ethanoli na hukauka upesi zaidi. Mafundi wa London walikunja pua, wakaizoea.

Walevi nao wakaizoea. Palikuwa na vanishi nyepesi ya methileti yenye shelaki kidogo iliyouzwa kwa masharti mepesi kuliko methileti yenyewe, na maskini wa mijini waliigeuza kinywaji. Urusi ilikuja kuwa na historia ndefu ya aina hiyo: polishi ya fanicha ilitiwa chumvi na maji, shelaki ikaganda na kutuama chini, kilichobaki juu kikanywewa. Mpaka shelaki yeyote anaitambua kemia hiyo, ni ile ile inayomharibia kazi spiriti yake ikiwa na maji.

Mwaka 1891 serikali ya Uingereza ikaongeza kidogo cha mafuta ya petroli kwenye methileti inayouzwa madukani, chini ya nusu ya asilimia, ili anayeizimua kwa maji aione inageuka maziwa. Wenye viwanda na leseni waliruhusiwa kununua ile isiyo na mafuta. Baadaye ya dukani ikatiwa pia rangi ya zambarau, ambayo hadi leo wateja wengi wa Afrika Mashariki huichukulia kuwa ndiyo rangi ya spiriti. Kwa shelaki ya rangi ya asali haina madhara. Kwa shelaki iliyopaushwa juu ya mbao nyeupe, fundi huiona.

Marekani mambo yalikwenda njia mbaya zaidi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, serikali ya Lincoln iliweka kodi ya senti 20 kwa galoni ya spiriti ya kipimo, na kufikia 1865 ilikuwa dola 2. Kodi ilipanda na kushuka, ikatua kwenye dola 1 na senti 10 mwaka 1894, ambayo kwa spiriti kali ya vanishi ilikuwa zaidi ya dola 2 kwa galoni. Hapakuwa na msamaha kama wa 1855. Mpaka vanishi wa Marekani alibaki na kitu kimoja cha bei nafuu kisichotozwa: spiriti ya mti yenyewe, bila kuchanganywa na chochote, iliyotoka kwenye matanuri ya makaa ya New York, Pennsylvania na Michigan.

Ilipokuwa ghafi ilinuka, na harufu hiyo ilimlinda mtu. Lakini mwishoni mwa karne viwanda vilijifunza kuisafisha hadi ikakosa harufu mbaya, ikauzwa kwa majina ya kupendeza, mojawapo Columbian Spirits. Sasa ilionekana na kunukia kama spiriti ya kawaida. Iliingia kwenye manukato na dawa za kusugua, na zaidi ya yote kwenye shelaki.

Mtu anayekunywa methanoli, au kuivuta kwa pua siku nzima, au kuiacha ipite kwenye ngozi ya mikono, ini lake huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huushambulia mshipa wa jicho. Mgonjwa huanza kwa kichwa kuuma na kutapika, akajiona amepona, halafu baada ya saa kadhaa au siku nzima macho huingia ukungu, na wengine hayarudi tena. Mwaka 1904 Casey Wood wa Chicago na Frank Buller wa Montreal walichapisha mkusanyiko mrefu wa visa vya vifo na upofu wa aina hiyo. Wanywaji walikuwamo, lakini walikuwamo pia watu waliokuwa kazini tu.

Kazi iliyokuwa mbaya kuliko zote ni ile ya mapipa ya bia. Viwanda vya bia vilikuwa na mapipa makubwa ya mbao ambayo ndani yalipakwa shelaki ili bia isinyonye ladha ya mti. Mfanyakazi aliingia kupitia tundu dogo akiwa na taa, ndoo na brashi, akapaka kuta zilizomzunguka pande zote. Spiriti yote iliyokauka kutoka kwenye kuta hizo ilibaki humo humo pamoja naye. Wengine walitolewa wakiyumba kama walevi na kuambiwa wakalale. Mafundi wa kofia ngumu, zilizokazwa kwa shelaki, waliumia pia, na waliofanya kazi ndani ya makabati na vyumba vilivyofungwa.

Hakuna aliyetaka kuwapofusha watu hao. Bei ndiyo iliyowachagulia kiyeyushi: chenye sumu kilikuwa rahisi, kilicho salama zaidi kilitozwa kodi. Bunge la Marekani lilifuta kodi ya spiriti ya viwandani iliyotiwa vitu vya kuifanya isinyweke, kwa sheria ya Juni 1906, Theodore Roosevelt akaitia saini, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1907. Hata hivyo mazoea hayakufa siku hiyo. Mwaka 1913 mkemia Charles Baskerville bado alikuwa akiandikia tume ya uchunguzi wa viwanda ya jimbo la New York ripoti nzito kuhusu spiriti ya mti.

Kisha likaja katazo la pombe, 1920 hadi 1933, na spiriti ya viwandani ikawa vita ya wazi kati ya maofisa na wezi wake. Kila wezi walipopata njia ya kuisafisha, serikali ilibadilisha vichanganyio. Mwishoni mwa 1926 ilitangaza kuongeza methanoli, na Charles Norris, mganga mkuu wa uchunguzi wa vifo wa New York, aliishambulia hadharani kwa kuwaua watu kwa makusudi. Mpaka fanicha alikaa katikati ya vita isiyomhusu, akinunua kila mwaka kopo lenye mchanganyiko mwingine.

Katika miaka hiyo hiyo kiyeyushi kipya kilitokea bila kupitia shambani wala msituni. Mwaka 1920 kampuni ya Standard Oil ya New Jersey ilianza kutengeneza isopropanoli kutokana na gesi zinazotoka katika usafishaji wa petroli. Inaiyeyusha shelaki, ila polepole, na hukauka polepole. Mwaka 1923 BASF ya Ujerumani nayo ilianza kutengeneza methanoli kiwandani kwa gesi, na matanuri ya makaa yakaanza kukosa kazi. Uingereza ikatoa mchango wa aina nyingine mwaka 1958: kwenye maabara ya Edinburgh watafiti wa dawa ya ganzi walikutana na kitu kichungu kupindukia, denatonium, ambacho kiasi kidogo sana kinatosha kumfanya mtu ateme spiriti. Uchungu badala ya sumu: ingefaa wazo hilo liwafikie wabunge miaka 100 kabla.

Si shelaki yote iliyoishia juu ya fanicha. Tangu Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni, aache mpira mgumu katika miaka ya 1890, santuri zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe na masizi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake ilichorwa kwenye utomvu wa mdudu huyu huyu. Wenye santuri hizo majumbani wajue kwamba kuzifuta kwa spiriti, kama watu wanavyofuta vioo, ni kuyafuta mashairi yenyewe.

Leo karakana nyingi za Keko, Dar es Salaam, na za Barabara ya Ngong, Nairobi, hupulizia vanishi za selulosi, na thina yake ni mchanganyiko mwingine usiofaa kuzimulia shelaki. Anayebaki na shelaki, kwa ukarabati wa viti vya zamani, kwa vyombo vya muziki au kwa kupenda tu, anakuta dukani chupa tatu zinazofanana. Methileti ya zambarau inafaa ikiwa ni kali, ila asome lebo: yenye methanoli nyingi si ya chumba kilichofungwa wala ya mikono mitupu. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliyokuwa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi na kuwapofusha wengine, na methanoli haijui kama umeileta mdomoni au umeivuta puani. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, hiyo aiache kwa vidonda. Na kitakasa mikono kilichojaa kila kona mwaka 2020, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ni ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo na kilichobaki kikubwa ni maji. Gliserini haikauki kabisa.

Inayofaa kuliko zote ni ethanoli ya asilimia 95 na zaidi, kama ile inayotoka kwenye mitambo ya molasi ya miwa ya Kilombero au Muhoroni. Mtambo wa kawaida hauwezi kupita hapo sana, kwa kuwa karibu na asilimia 96 maji na alkoholi huchemka pamoja. Hiyo asilimia nne haiisumbui shelaki. Inayoisumbua ni hewa: wakati wa masika, spiriti ikikauka haraka huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa ukatua juu yake, na vanishi ikaota weupe hata kama chupa ilikuwa safi. Fundi hungoja jua, au huongeza butanoli kidogo ili ukaukaji upungue kasi, au hupitisha fumba lenye spiriti tupu juu ya doa mpaka liondoke.

Kwa kupolishi kwa fumba, gramu 120 za shelaki kwa lita moja ya spiriti zinatosha kuanzia, na wengi huenda chini zaidi kwenye tabaka za mwisho. Chupa iandikwe tarehe. Shelaki ikishayeyuka huanza taratibu kuungana na alkoholi yenyewe, na baada ya miezi kadhaa hukauka ikinata, hata ukiipunguza kwa spiriti mpya. Dondosha tone moja juu ya kioo, liache usiku kucha. Asubuhi likikubali alama ya ukucha, mwaga chupa nzima.